Araba Nyanewa na Chupa za Shukrani

Pale mjini kwetu Amisakyir, ukimpa Araba Nyanewa kitu chochote, hata njiti ya kiberiti, ujue kesho yake kabla hujanawa uso atakuwa mlangoni pako. Kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, mikono miwili iko mbele, na ile sauti yake nene inasikika mpaka ng'ambo ya bwawa la chumvi: "Nimekuja kukushukuru kwa jana."

Kurudi kushukuru siku ya pili ni desturi yetu sisi Wafante wote wa pwani hii, lakini wengine huifanya kama wanaolipa kodi. Araba aliifanya kama anayelamba asali. Majirani walimcheka. "Araba huyo," walisema, "akipewa ugonjwa atarudi kesho kushukuru."

Alizaliwa Jumanne, ndiyo maana akaitwa Araba. Na Jumanne pwani yetu hakuna wavu unaoingia majini, kwani hiyo ni siku ya bahari kupumzika. Mama yake alikuwa akisema kwamba siku hiyo wavuvi wote walikuwa nyumbani, wakambeba mtoto zamu kwa zamu, na kila aliyembeba akaacha harufu yake ya chumvi. Huenda ndiyo maana hakuipenda kazi nyingine. Tangu msichana alikausha samaki kwa moshi kwenye matanuri ya udongo aliyoachiwa na mama yake. Alimwoa mvuvi, au niseme mvuvi alimwoa, ingawa waliomjua marehemu Ekow wanajua nani alimwendea mwenzake. Watoto wake walisoma kwa moshi ule. Macho yake yalikuwa mekundu miaka yote, na mgeni akimwona alidhani analia, kumbe anaimba tenzi za kanisani na kugeuza samaki.

Sasa, saradini ni samaki asiye na subira. Akitoka majini jua linamkimbilia. Kwa hiyo tangu enzi za bibi zetu ipo njia moja fupi, kati ya miamba na bwawa, inayotoka ufukweni hadi kwenye matanuri. Wanawake waliipita mbio, beseni kichwani, maji ya samaki yakiwatiririka mgongoni. Hakuna aliyewahi kuuliza njia ile ni ya nani. Ni kama kuuliza koo lako ni la nani.

Kisha akaja Bwana Essilfie, akanunua kiwanja kando ya njia akajenga hoteli. Hakuna aliyemchukia. Alikuwa mtu wa hapa hapa mkoani, mnene, mwenye cheko la karibu, na aliwapa vijana kazi. Mpishi wake wa Amisakyir, wafua mashuka wa Amisakyir, na mlinzi wake alikuwa Ebo, ambaye Araba alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, mama yake Ebo alipokuwa mgonjwa.

Kaka yake Araba, Kwamena, alipofariki, mji mzima ulikuja mazishini kwa nguo nyekundu na nyeusi. Araba, kwa kuwa ana sauti, ndiye aliyesimama kupokea rambirambi na kuzitangaza. Hata Bwana Essilfie alikuja, na nyuma yake kijana amebeba katoni ya pombe kali, zile chupa za kijani za kuwamwagia wahenga.

Hapa lazima niseme jambo. Kwetu kinywaji ni mdomo. Kinaposa binti, kinaomba radhi, kinaomba ardhi. Kwa hiyo kabla hujanyoosha mkono unauliza, "Kinywaji hiki ni cha nini?" na mwenye nacho anajibu mbele za watu. Mtoto mdogo anajua hivyo. Wamethodisti hatukinywi, lakini kukipokea tunajua sana.

Siku ile Araba hakuuliza. Jeneza la kaka yake lilikuwa pale, macho yake yamejaa machozi, safari hii ya kweli, na mkono wa mtu umeleta kitu. Alikipokea. Akatangaza, "Bwana Essilfie, Mungu akuzidishie!" Na kesho yake asubuhi, kama kawaida yake, akaenda hotelini kwa miguu, akasimama mbele ya wafanyakazi wote, akamshukuru tena.

Mwezi haukuisha, lango la chuma likasimama katikati ya njia, na hotelini hakukuwa na pa kuingilia pengine ila hapo.

"Wageni wangu hawawezi kupumzika huku wanawake wanakimbia na maji ya samaki," Bwana Essilfie alimweleza Nana Ekua, malkia wa wachuuzi wa samaki. "Tena sikunyang'anya. Nilileta kinywaji kwa ajili ya njia. Muulize Araba. Alikipokea, akashukuru, akarudi akashukuru tena. Mtu hushukuru mara mbili kwa kitu alichokikataa?"

Nana Ekua alikwenda kwa Araba, akaketi kwenye kigoda kando ya tanuri.

"Mwanangu, ulimuuliza kinywaji ni cha nini?"

Araba alikuwa ameshika samaki mkononi. Akamrudisha juu ya waya wa tanuri polepole kama anayemlaza mtoto. "Nana," alisema, "sikuuliza."

Tangu hapo wanawake walizunguka bwawani. Maji kiunoni, tope linavuta miguu, beseni juu. Wenye magoti mazuri walifika samaki wakiwa wameanza kulegea, na mnunuzi wa sokoni alibonyeza tumbo la samaki akikunja pua. Wenye magoti kama ya Araba walifika wamechelewa zaidi. Siku moja Adwoa mjamzito aliteleza, beseni zima likarudi majini, na kunguru wakafanya sikukuu.

"Asante ya punda ni mateke," mmoja alisema, akikamua nguo yake, kwa sauti ya kutosha. "Ila asante ya Araba ni tope."

"Mwache, dada, atakuja kesho kukushukuru kwa maneno hayo."

Walicheka. Zamani Araba angecheka nao, tena kuwashinda. Siku ile aliinamisha kichwa akapuliza moto usiohitaji kupulizwa. Akaacha kuimba. Ndipo watu walipogundua kuwa mtaa wa matanuri haukuwa na saa nyingine ila ule wimbo. Watoto walichelewa shule.

Alikuwa akiomba akiwa amepiga magoti kwenye majivu. "Bwana, mama yangu alinifundisha mdomo usioshukuru unaoza. Leo mdomo huo umewafungia wenzangu njia. Nifanye nini nao?" Hakuogopa njaa, njaa wameshajuana. Aliogopa kwamba kama njia itapotea, matanuri yatahamishwa, na wajukuu wa Amisakyir watasema: kulikuwa na bibi mmoja aliyeuza njia yetu kwa asante.

Nana Ekua alimwita wakili kutoka mjini, binti mmoja aitwaye Aba Yawson. Mama yake alikuwa mchuuzi wa dokono, yale madonge ya unga wa mahindi yanayopikwa ndani ya majani, kwa hiyo hakuona tabu kukaa chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akichambua miiba ya samaki kwa vidole.

"Mama zangu, sheria ina macho," alisema. "Ufuko si wa mtu. Na njia mliyoipita tangu bibi zenu ni haki yenu, kama ilivyo haki yenu kufanya kazi na kula jasho lenu. Hakuna hisani ya kuombwa hapa. Nitalisema hilo mahakamani, na nadhani tutashinda."

"Lini?" aliuliza Nana Ekua.

Wakili alilamba kidole. "Hapo sasa. Kesi hupigwa tarehe, kisha ikapigwa tena. Na atasimama aseme mlipokea kinywaji chake. Hicho kinywaji ndicho kinachonisumbua. Kingekuwa hakipo..."

"Kilishakwisha siku ile ile!" alisema mwanamke mmoja. "Waume zetu walikimaliza kabla Kwamena hajafika kaburini. Nadhani hata Kwamena alipata kidogo."

Walicheka wote, hata wakili. Nana Ekua peke yake hakucheka. Alikuwa akichora mchangani kwa fimbo.

"Kinywaji kilichopokelewa hurudishwa," alisema. "Mama yangu aliniambia. Chupa zile zile kwa idadi na kwa aina, zikiwa hazijafunguliwa. Anayerudisha ni yule yule aliyepokea, kwa mdomo wake mwenyewe, aifute na shukrani yake hadharani. Sijawahi kuona mtu akifanya. Nani anataka aibu hiyo?"

Kila mtu alimtazama Araba.

Wangemwambia avuke bahari angeuliza tu kasia liko wapi. Lakini kurudisha shukrani! Alikuwa hajarudisha hata moja katika maisha yake. Ilikuwa kama kuambiwa aende kanisani akaombe wamfute ubatizo.

"Nana," alisema, "nikiiondoa shukrani, ndani yangu kutabaki nini?"

"Utabaki wewe," alijibu Nana Ekua. "Na njia."

Wanawake wakanunua chupa, huyu moja, huyu moja. Wale waliomsuta bwawani ndio walioleta kwanza, wakaziweka mlangoni kwake. Araba alikaribia kuwaambia atakuja kesho kuwashukuru, akafunga mdomo.

Walichagua Jumanne, siku mitumbwi imelala na mji wote uko nchi kavu. Asubuhi na mapema wakaondoka na katoni, Nana Ekua mbele, Araba katikati amevaa nguo yake ya komunyo, na wakili nyuma na viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha sindano, wakafuata.

Ebo alikuwa langoni. Alipomwona Araba aliweka rungu chini.

"Mama, nimeambiwa nisipitishe mtu."

"Sikuja kupita, mwanangu. Nimekuja kurudisha mzigo."

Araba akapiga magoti. Akazitoa chupa moja moja, akazipanga kizingitini, kutoka nguzo hadi nguzo, zikimetameta kijani. Kisha akasimama, akishikilia goti, na sauti yake ikatoka, ile ya makaburini.

"Bwana Essilfie! Mimi Araba Nyanewa nilipokea kinywaji chako siku namzika ndugu yangu. Sikuuliza ni cha nini. Kosa ni langu, silikatai. Nilidhani unalia nami, nikakushukuru. Nikarudi nikakushukuru tena. Leo umesema kilikuwa cha njia. Kinywaji cha njia sikukipokea, kwa sababu njia si yangu kuitoa. Chupa zako hizi hapa. Na shukrani yangu..." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Na shukrani yangu ile, nairudisha mdomoni mwangu."

Bwana Essilfie alitokea kwenye kibaraza cha juu, taulo shingoni. "Ebo! Ondoa takataka hizo!"

Ebo alizitazama chupa. Akatazama juu. "Bosi, ondoa mshahara wangu. Hizo mimi siwezi."

Ndipo wafanyakazi wa asubuhi wakafika. Mpishi alikuja na kapu la mayai, akaona chupa, akasimama. Wafua mashuka wakasimama nyuma yake. Mtunza bustani akasimama na fagio lake. Kwetu huruki mtu aliyelala, seuze kinywaji kilichorudishwa. Ukikiruka, ugomvi ule unaingia nyumbani kwako na unakaa kwenye kiti. Anayeweza kukiinua ni yule aliyekitoa, basi, na akikiinua amekubali kwamba kimerudi.

"Mpishi! Wageni wanataka chai!"

"Nami nataka kuwapa, bosi. Mayai haya hapa. Nikurushie?"

Watu walicheka mpaka wavuvi wakashikana mabega. Bwana Essilfie aliteremka, akasimama upande wake wa chupa. Alikuwa mwekundu masikioni.

"Huu ni ushirikina! Tuko karne gani?"

"Ile ile uliyoleta kinywaji chako kuomba njia," alisema Nana Ekua kwa upole. "Au siku ile ilikuwa karne nyingine?"

Aliinua mguu. Nasema kweli, aliuinua. Mguu ulikuwa hewani juu ya chupa ya katikati, kiatu kinang'aa. Kisha akaurudisha ulikotoka, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa amesahau kitu chumbani. Kwa sababu yeye naye alilelewa na bibi, na hakuna bibi wa pwani hii aliyemwacha mjukuu bila kumfundisha hilo. Akageuka, akarudi ndani.

Jua likapanda. Wageni wa hoteli walianza kuchungulia ukutani, mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, na familia moja ya kutoka mji mkuu yenye watoto. Watoto walikuwa wanalia njaa. Araba, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe, aliwasikia.

"Hao wamekosa nini?" alisema. Akanyanyuka.

"Araba, kaa!" wanawake walimkemea. "Tuko vitani!"

"Vitani na watoto?" Akachechemea hadi matanurini, akarudi na dokono lililofungwa majani, samaki wa moshi na pilipili ya kusaga. Akavipitisha juu ya ukuta. Chupa hazikuguswa, hakuna kilichorukwa. Mzee yule alikula kwa vidole, jasho la pilipili likimtoka, akauliza kwa ishara kama kipo kingine. Mtoto mmoja alisema kwa sauti, "Mama, kwa nini hatukula hiki jana?"

Nadhani ni hilo lililomtoa Bwana Essilfie. Alikuja safari hii bila taulo, amevaa shati. Aliwatazama wageni wake wanaolamba vidole, akamtazama Araba aliyekuwa akipangusa mikono kwenye nguo ya komunyo.

"Mama Araba. Umenifungia mlango, kisha unalisha watu wangu."

"Mlango umejifungia mwenyewe, mwanangu. Watoto walikuwa na njaa."

"Ulishukuru mara mbili," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilidhani umeelewa."

"Ulijua sikuelewa." Araba hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemtoa mtu mwiba. "Ulijua, ndiyo maana hukusema pale mazishini ni cha nini. Ungesema ningekurudishia hapo hapo, na bado ningekupa kiti ukae."

Bwana Essilfie akainama. Ni mnene, kuinama kwake si jambo dogo. Aliinua chupa ya kwanza, akampa Ebo. Akainua ya pili. Alipoinua ya mwisho, Nana Ekua alisema, "Kimerudi," na watu wote wakaitikia, "Kimerudi."

Wakili Aba alivaa viatu vyake. "Sasa, bwana, lile lango. Tamka mbele yao, mimi niandike, wewe utie sahihi. Midomo ya leo ni mizuri, lakini nataka na ya miaka ishirini ijayo."

Alitamka kwamba njia ni ya wote na lango litang'olewa. Hakuyatamka yote kwa furaha. Aliuliza, "Na moshi je? Siku za harusi moshi wenu unaingia mpaka kwenye keki."

"Siku za harusi tuambie mapema," alisema Araba. "Tutawasha kuni kavu, tusitie makumbi. Lakini matanuri hayaendi popote."

"Hayaendi popote," alikubali.

Ebo na vijana waling'oa lango jioni ile ile. Nguzo moja iligoma kutoka, ipo hadi leo. Wavuvi huanikia nyavu zao juu yake, na Bwana Essilfie kila mara anasema ataiondoa.

Jumatano alfajiri mitumbwi ilirudi imelemewa kwa uzito wa saradini. Wanawake walishuka ufukweni wakajikuta wamesimama, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Wakamsukuma Araba mbele. Akajitwisha beseni, akapanda njia.

Ebo alikuwa pale, amekaa kwenye kiti chake kando ya nguzo. "Pita, mama," alisema.

"Nani amekuomba ruhusa?" alijibu Araba, na maji ya samaki yakamwagika kwa cheko lake. Aliposhika njia ya matanuri alikuwa ameshaanza wimbo. Watoto wa shule waliusikia wakaanza kukimbia.

Alipomaliza kupanga samaki, alinawa, akafunga kitambaa kichwani. Akachagua saradini walionona, waliokauka rangi ya dhahabu, akawafunga kwenye jani.

"Unakwenda wapi?" Nana Ekua alimuuliza, ingawa alishajua.

"Mtu aliinama jana mbele za watu, Nana, na tumbo lile. Mtu hawezi kulala bila kumshukuru."

"Araba! Hujakoma?"

"Nimekoma kutouliza," alisema Araba. "Kushukuru sijakoma."

Wanawake waliacha kazi kumtazama. Alitembea hadi mlango wa hoteli, akapiga hodi. Bwana Essilfie akafungua mwenyewe. Aliliona jani mikononi mwake. Mikono yake ilikwenda mbele kulipokea, ikasita, ikarudi nyuma ya mgongo.

"Mama Araba," alisema kwa hadhari, "samaki hawa ni wa nini?"

Araba alicheka mpaka ikabidi ashike mlango. Watu walisema alisikika hadi ng'ambo ya bwawa.

"Wa kula, mwanangu," alisema. "Wa kula tu."